Barua kutoka Oman: Watu wanaosafiri kuifuata mvua

Seeb, Oman
9 Julai

Rafiki yangu mpenzi Mama Nasra,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na watoto na mzee wako, na kwamba baridi ya kipupwe haijawarudishia vifua. Sisi huku hatujambo. Watoto wamenenepa, na Shangazi anakusalimu sana ingawa hajapata kukuona, kwa sababu jina lako nimelitaja mbele yake mpaka amekuwa akiuliza habari zako kama za mtu wa ukoo.

Tulipoagana bandarini Mkoani uliniagiza nikuandikie barua ya maana, na si kukutumia sauti za simu ambazo mtu huzisikiliza huku anakuna nazi, na akimaliza kukuna hakumbuki aliloambiwa. Nimengoja kwanza turudi kutoka Salalah, mji wa kusini ya nchi hii, maana bila ya Salalah nisingekuwa na la kukueleza ila joto.

Joto lenyewe, hata hivyo, lazima nilitangulize, kwa kuwa ndilo linalopanga maisha ya nyumba hii tangu watu wanapoamka hadi wanapolala. Mwezi wa Juni na wa Julai, Muscat na vitongoji vyake hupita nyuzi 40 bila ya taabu, na kwa kuwa mji uko ufukweni, usiku hauleti nafuu bali unyevu, hata miwani yangu hufunga ukungu kila ninapotoka penye kiyoyozi kwenda uani. Matangi ya maji yako juu ya mapaa, yamepigwa na jua mchana kutwa, na maji ya bomba huwa hayashikiki. Wenyeji wamelipatia dawa jambo hili: kiangazi kinapoingia, huuzima mtambo wa kuchemshia maji ulioko ndani ya bafu, na tangi lake dogo, kwa kuwa liko kivulini, ndilo huwa hazina ya maji ya baridi. Kwa hiyo anayetaka kuoga maji ya baridi hufungua bomba lenye alama nyekundu, na anayetaka ya moto hufungua lenye alama ya buluu. Mwanangu mdogo amelizoea jambo hili kiasi kwamba nina wasiwasi wa nyumba yoyote ya wageni tutakayolala Unguja wakati wa kurudi.

Sheria hapa inakataza kazi za nje, kama vile ujenzi, kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, na kwa saa hizo mtaa huwa mtupu. Uhai huanza baada ya Isha. Madukani kunajaa saa nne za usiku, watoto wadogo wanabembea ufukweni karibu na usiku wa manane, na mama zao wameketi kwenye mikeka wakimimina kahawa. Hata chai hunywewa ndani ya gari. Dereva husimama mbele ya mkahawa akapiga honi, kijana hutoka mbio akapokea agizo dirishani, kisha akarudi na vikombe vya karak, yaani chai ya maziwa iliyochemshwa mpaka ikageuka rangi ya matofali na kutiwa iliki. Chai ni tamu mno, sina la kuikosoa. Lakini kumwita mtu kwa honi, na yeye akatoka kwenye joto lile lile unaloliogopa wewe, ni jambo ambalo sikulizoea na sijitahidi kulizoea.

Habari za Shangazi unazijua kwa juu juu. Aliondoka Pemba msichana baada ya mapinduzi ya 1964, akapita nchi mbili tatu, akafika huku baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi. Watu wa namna yake ni wengi sana hapa, na wote huitwa Wazanzibari, hata aliyezaliwa Tabora au Bujumbura na asiyepata kuiona Unguja kwa macho yake. Nyumbani kwake Kiswahili ndicho lugha ya jikoni na ya ugomvi. Watoto wake wanakizungumza kama wazee wetu wa Wete, kwa utaratibu na kwa maneno ambayo sisi tumekwisha kuyaacha. Wajukuu nao wanakijua, ila chao kina lafudhi ya bara, kwa sababu aliyewafundisha si bibi yao bali ni dada wa kazi, binti wa Singida, ambaye ndiye anayewaogesha na kuwalisha. Shangazi husikitika kidogo akiwasikia, kisha hucheka, kwa kuwa anajua kwamba bila ya binti huyo wangekuwa na Kiarabu cha skuli na Kiingereza cha katuni peke yake.

Siku ya Ijumaa ndiyo siku ya nyumba. Baada ya sala wanawe wote huja na wake zao, waume zao na watoto, na chakula hupakuliwa kwenye masinia mapana, wanaume upande wa majlisi na sisi upande wa ndani. Majlisi ina mlango wake wa nje, ili mgeni wa kiume aingie, akae na aondoke bila ya kukutana na wenye nyumba wa kike. Nilidhani nitaiona kama kifungo, lakini kwa kweli upande wetu ndio wenye kelele na vicheko, na wanaume huko kwao hukaa wamenyooka kama wanaosubiri kupigwa picha. Mmoja wa wakwe zake, ambaye hakulelewa katika Kiswahili, amejifunza kupika mchuzi wa pweza wa nazi, na Shangazi humsifu mbele yetu na kumkosoa akiondoka.

Tulialikwa pia kwa jirani, Mwarabu wa ndani kabisa, familia isiyo na Afrika hata kidogo. Walituletea sinia la matunda, halua na tende, kisha kahawa isiyo na sukari katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Mwenye kumimina hushika birika kwa mkono wa kushoto na kikombe kwa wa kulia, na hamimini kikombe kikajaa, kwa kuwa kikombe kilichojaa humwambia mgeni kwamba anywe aende zake. Kinachosimamisha kahawa si kusema “basi”, bali ni kukitikisa kikombe kidogo wakati wa kukirudisha. Hilali wangu alishukuru kwa adabu zote nilizomfunza, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, na kila akishukuru akaongezewa. Usiku ule hakulala.

Sasa nije kwenye Salalah, kwa kuwa ndiyo iliyonitoa Pemba. Tangu tulipofika, kila mtu niliyetambulishwa kwake aliniuliza swali moja: mtakwenda khareef? Khareef ni msimu wa manyunyu katika jimbo la Dhofar, kusini kabisa ya nchi, na kwa hesabu yao huanza tarehe 21 Juni na kumalizika 21 Septemba. Katika miezi hiyo Waarabu wa Ghuba yote, ambao majumbani mwao jua linawaka, hupakia watoto na majiko ya gesi kwenye magari wakaelekea huko. Kutoka Muscat ni kama kilomita 1,000. Familia yetu ilijaza magari matatu, na binti wa Singida akapangiwa kiti cha nyuma pamoja na watoto na masufuria.

Tulitoka baada ya Alfajiri, tukapita Nizwa na Adam, na kuanzia hapo njia inanyooka na nchi inalala chini, bila mlima, bila mti, bila kitu cha kumwambia mtoto “tazama kile”. Nilikuwa nimelidhania jangwa kuwa ni matuta ya mchanga, na matuta yapo, lakini yako mbali zaidi upande wa magharibi. Tulichopita sisi ni uwanda wa kokoto wenye rangi ya unga uliochachuka. Haima, karibu na nusu ya njia, tulijaza mafuta, tukasali, tukanywa chai, na upepo uliokuwa ukipuliza pale ulinifanya nijifunike uso kwa ncha ya mtandio. Kipima joto cha gari kilisoma 45. Shangazi, ambaye magoti yake hayamruhusu kukaa muda mrefu, hakulalamika hata mara moja, na hilo peke yake lingenitosha kujua kwamba tunakwenda mahali anapopapenda.

Baada ya Thumrait njia hupanda kidogo kisha huanza kuteremka kuelekea pwani, na hapo, Mama Nasra, mabadiliko hayakuja polepole kama nilivyotarajia. Upande wetu wa nyuma palikuwa na mawe makavu na mbingu nyeupe. Mbele palikuwa na ukuta wa ukungu. Tuliingia ndani yake, binamu, mtoto wa Shangazi aliyekuwa akiendesha, akawasha taa na vipangusia kioo, na watoto wote wakaanza kusoma kipima joto kwa sauti moja: 36, 31, 28, mpaka kikasimama 25. Vioo vya magari yaliyotutangulia vilishushwa, mikono ikatolewa nje. Harufu iliyoingia ilikuwa ya majani yaliyoloa na mavi ya ng’ombe, harufu ya njia ya Konde asubuhi baada ya mvua.

Kesho yake tulipanda nyanda za Ittin, juu ya mji. Majani ndiyo kwanza yanachipua, wanasema uzuri wenyewe ni mwishoni mwa Julai na Agosti, lakini watu walikwisha kujaa. Niliona magari ya Saudia, ya Kuwait, ya Imarati na ya Qatar yameegeshwa ovyo kwenye matope, na kando ya kila gari mkeka umetandikwa juu ya nyasi zilizoloa, na juu ya mkeka watu wameketi katika manyunyu bila ya mwavuli, tena kwa makusudi. Mzee mmoja aliyevaa kanzu nyeupe alikuwa amesimama peke yake, kofia mkononi, kichwa wazi. Mtoto wa gari la Kuwait alitoa ulimi kuyapokea matone, na mama yake badala ya kumkemea akampiga picha. Wanangu walitazama yote haya, kisha wakaniomba ruhusa ya kurudi garini, kwa sababu wao wamelelewa na mama anayewapigia kelele wasinyeshewe.

Barabarani huko mjini kuna vibanda mfululizo vinavyouza madafu, ndizi, mapapai na miwa, na wageni husimama hapo wakapiga picha na mikungu ya ndizi kana kwamba wamesimama mbele ya ngome ya kale. Dafu moja tuliuziwa nusu riali, fedha ambayo kwetu ingenywesha nyumba nzima. Muuzaji alikuwa mtu wa Kerala, India. Alilikata kwa panga kwa mapigo matatu, akachomeka mrija, akanikabidhi. Nilipomaliza maji nilimrudishia, nikamwonyesha kwa ishara; alicheka, akalipasua, na bila ya kuelekezwa zaidi akabanjua kipande cha ganda la ubavuni kikawa kijiko. Yeye naye amekulia chini ya minazi. Tulisimama pale, mimi na yeye, tukiwatazama watu waliokuwa wakitupa madafu yao na nyama yote ndani.

Usinidhanie kwamba nawacheka. Kwa siku mbili za mwanzo nilicheka, hasa nikikumbuka kwamba Waarabu wa zamani walikiita kisiwa chetu Kisiwa cha Kijani, na leo mtu wa kisiwa hicho amesafirishwa kuvuka bahari na jangwa ili aonyeshwe mgomba. Lakini mtu aliyekaa Seeb mwezi wa sita hana haja ya kuelezwa kwa nini wenzake wanaendesha gari kutwa nzima ili waloe. Sisi mvua hutujia mlangoni, tukaifungia dirisha, tukailaumu kwa kuoza kwa karafuu zilizoanikwa. Shangazi alilala na dirisha wazi usiku wote tuliokuwa Salalah, na kila asubuhi alikuwa na kifua, na kila usiku alilifungua tena. Ndizi zao, ambazo ni ndogo na tamu mfano wa kisukari, alizila kwa wingi huku akisema hazizifikii hata zile mbovu za shamba la baba yake.

Na kuna jambo ambalo limenikaa rohoni kuliko yote. Nilimwuliza binamu kwa nini mvua hii inanyesha hapa tu, katika ukanda mwembamba wa pwani, hali pande zote nyingine ni kavu. Akanieleza kwamba upepo unaoileta ni kusi, kusi hii hii yetu, inayopiga Wete sasa hivi wakati unaposoma. Ikifika pwani ya Dhofar inayasukuma maji ya juu yaende mbali na nchi, na maji ya baridi ya kilindini yanapanda kushika nafasi yake. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo hupoa ikawa ukungu, ukungu hugonga milima ya Qara, na hauwezi kupanda ukavuka kwa sababu hewa ya moto ya jangwani imeufunika kwa juu. Basi hukaa pale miezi mitatu ukinyunyiza. Ukivuka kilele kwa kilomita chache tu, upande wa pili nchi ni kavu kabisa. Wazee wetu walilijua kusi kwa kazi yake ya kurudisha majahazi Uarabuni, ingawa katikati ya msimu, kama sasa, bahari hii ilikuwa kali mno na vyombo vilisafiri mwanzoni mwa kusi au wakati wa demani. Ibn Battuta, msafiri wa kale wa Morocco, alipoondoka Kilwa mwaka 1331 alikuja Dhofar hii hii, na alikuta minazi, migomba na tambuu. Kwa hiyo hata mshangao wangu si mpya.

Ukali wa bahari niliuona kwa macho huko Mughsail, ambako mawimbi huingia chini ya mwamba na kutokea juu kwa matundu, maji yakaruka na kuwarowesha waliosimama juu ya vyuma vilivyofunika matundu hayo. Kuogelea ni marufuku msimu huu. Vile vile niliona ngamia wakipita katikati ya barabara ndani ya ukungu, makundi makubwa, na magari yote yamesimama kimya yakiwangoja. Huteremshwa uwandani wakati wa khareef kwa kuwa milimani kunateleza na wao hawana kwato za matope. Wachungaji wao walizungumza wenyewe kwa wenyewe lugha ambayo binamu, na Kiarabu chake chote, hakuambulia neno. Ni lugha ya milima ile, ya kale, wala si Kiarabu. Ilinifurahisha kumwona naye amekuwa mgeni katika nchi yake.

Mti wa ubani, kinyume na nilivyodhani, hautaki mvua hii. Unaota nyuma ya milima, upande mkavu, na tulisimama kuuona Wadi Dawkah, bonde lililo kando ya njia ya Thumrait ambalo tangu mwaka 2000 limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ni mti mfupi, umejikunja, gome lake linabanduka kama karatasi. Hukwanguliwa kwa chuma, utomvu mweupe ukatoka matone matone, ukaachwa ukauke kwa siku kadhaa ndipo ukusanywe, na wa mkato wa kwanza haushabikiwi.

Lililonikera ni moja, nalo si la Waarabu peke yao. Likizo ya familia haikuwa likizo ya binti wa Singida. Sisi tulipokuwa tukitazama ukungu, yeye alikuwa akiosha masinia kwenye beseni nyuma ya gari, na watoto walipochoka kunyeshewa ni yeye aliyewabadilisha nguo. Nilikwenda kumsaidia, akakataa; nikakaa naye tu, na tulizungumza habari za kwao, ambako mvua ni chache na mtama ndio wenye kuaminika. Aliniambia kwamba Salalah imempendeza, na kwamba ameipiga picha nyingi za kumpelekea mama yake. Jioni nilimwambia Shangazi kwamba siku ya mwisho nitapika mimi. Alinitazama kidogo, kisha akasema atapika yeye, na mimi nikune nazi. Binti alikwenda na vijana kwenye chemchemi ya Ain Razat, akarudi viatu vimejaa matope, na sikusikia mtu aliyemwambia neno.

Tutaondoka wiki ijayo inshallah, kabla skuli hazijafunguliwa. Tafadhali mpitie Baba Hilali, umwambie ayashushe majamvi ya karafuu kutoka darini ayatazame, kwa kuwa mwaka jana panya waliyatoboa na hatukujua mpaka siku ya kuanika. Nimekununulia ubani wa Hojari, ule mweupe unaokaribia ukijani, nao ni wa kufukiza, usije ukawaachia watoto wakautafuna. Kilichobaki ni halua. Binamu anakwenda Barka Ijumaa, kwa muuzaji wanayemwamini hapa, na anataka kujua kama wewe unapenda ya zafarani au nyeusi ya sukari guru, na kama nikuchukulie ndogo au bakuli zima. Barua hii inakuja kwa mkono wa mpwa wake Shangazi anayeruka kesho, kwa hiyo ukiipata nipigie siku hiyo hiyo.

Wasalaam, wako akupendaye,

Mama Hilali